Utanguzi wa mauzo: nyumba iliyouzwa kwa deni inaporudi kwa mwenyewe

Utanguzi wa mauzo ni kuondolewa kwa mkataba wa kuuziana kwa sababu upande mmoja haukutimiza ahadi yake, ili wote wawili warudi pale walipokuwa kabla ya kuuziana. Ndiyo istilahi ninayopendekeza kwa kile ambacho mahakama za Kongo hukiita kwa Kifaransa résolution de la vente.

Huko Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, jambo lenyewe linajulikana kuliko jina lake. Wenye nyumba wengi wanashika akti ya mauzo iliyoshuhudiwa na majirani na shefu wa kartie, si hati ya usajili, na pasipo hati hiyo benki haiwezi kuchukua nyumba rehani. Basi muuzaji mwenyewe anageuka mkopeshaji: anapokea avansi, anatoa ufunguo, na bei inayobaki inalipwa kwa transhi. Transhi zikikatika, ugomvi unaanza.

Watu husema “tuvunje mauzo”. Tatizo ni kwamba mnunuzi asiyelipa naye tunasema amevunja mkataba, na neno moja halifai kutaja kosa na dawa yake. Kutangua kunafaa zaidi, kwa kuwa tayari ni kuondoa lililokwisha kufungwa. Tusiuchanganye utanguzi na ubatilishaji, ambao ni wa mkataba wenye kasoro tangu mwanzo, kama pale mtu alipouza parsele ya nduguye. Wala si ukatishaji, kama wa upangaji: huo unazuia miezi ijayo tu, na kodi iliyokwisha kulipwa hairudi. Mauzo yanayotanguliwa yalikuwa halali, na athari ya kutanguliwa inarudi nyuma hadi siku ya kwanza.

Sheria yake ni ya zamani lakini ingali inatumika: kifungu cha 82 cha dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba. Kinasema kwamba asiyetimiziwa ahadi ana hiari: kumlazimisha mwenzake atimize, ikiwezekana, au kuomba mkataba utanguliwe, pamoja na fidia. Lakini mkataba hautanguki wenyewe. Utanguzi huombwa mahakamani, na jaji anaweza kumpa mdaiwa muda kulingana na hali yake. Kwa hiyo muuzaji anayebadilisha kufuli usiku na kutupa vyombo nje hajatangua chochote. Amejichukulia sheria mkononi.

Tuchukue mfano. Nyumba imeuzwa dola 3,000. Mnunuzi amelipa 1,800, kisha akanyamaza. Mauzo yakitanguliwa, nyumba inarudi kwa muuzaji, na zile 1,800 zinarudi kwa mnunuzi. Ndipo fidia inapohesabiwa: miezi aliyokaa ndani, uharibifu, hasara ya kucheleweshwa. Mnunuzi naye anaweza kudai gharama za kazi iliyoongeza thamani ya nyumba, kama mabati mapya. Anayetaka nyumba na pesa zote pamoja haombi utanguzi. Na kwa kuwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, kinachorudi ni nyumba pamoja na haki ya kuitumia ardhi ile.

Ule muda ambao jaji anaweza kumpa mdaiwa una uzito wa pekee huko Fizi. Tangu vita vya 1996 na 1998, watu wa Fizi wamevuka Ziwa Tanganyika mara nyingi kukimbilia Kigoma, Tanzania, na wengi wameishi miaka kambini Nyarugusu. Aliyekimbia risasi akiwa amebakiza transhi mbili si sawa na aliye na pesa akakataa kulipa. Sheria inamwondolea fidia mdaiwa aliyezuiwa na nguvu asizoweza kuzishinda, ingawa bei yenyewe bado anadaiwa. Kumwita mwizi na kumwuzia mwingine nyumba wakati yeye hayupo ni dhuluma, hata kama deni ni la kweli.

Wenye kuuziana wanaweza pia kutangua kwa mapatano, bila kesi. Hapo waandike karatasi ya pili mbele ya mashahidi walewale: kilicholipwa, kinachorudishwa, tarehe ya kuhama, na sahihi za wote. Na ni heri zaidi akti ya kwanza iwe imekwisha kutaja tarehe ya kila transhi, muda wa onyo, na namna ya kurudishiana. Muuzaji asiye na risiti na mnunuzi asiye na risiti wote wawili watafika mbele ya jaji mikono mitupu.