Matembezi ya familia ya siku moja Mlali na Milima ya Uluguru

Matembezi ya familia ya siku moja (pia: mandari, hasa yanapoambatana na kula chakula nje) ni safari fupi ambayo wazazi au walezi huondoka nyumbani asubuhi pamoja na watoto na kurudi kabla ya usiku. Makala hii inahusu matembezi ya aina hiyo kwa familia zinazoanzia Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero katika Mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania.

Mlali iko chini ya Milima ya Uluguru, upande wa magharibi, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini Morogoro. Inafikiwa kwa kuacha barabara kuu ya Morogoro–Iringa katika njia panda ya Sangasanga. Barabara hiyo ya Sangasanga hupita Mlali na kupanda hadi Mgeta. Kwa hiyo familia ya Mlali inaweza kuchagua kati ya mlima, mji na mbuga bila kulala njiani.

## Majira yanayofaa

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kuanzia mwishoni mwa mwaka. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu zaidi, na likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia humo. Wakati wa masika barabara za milimani huwa na utelezi na maporomoko ya udongo hutokea.

Upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Ndiyo maana mbingu inaweza kuwa nyeupe Mlali wakati mawingu mazito yamefunika vilele. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, hivyo mtoto anayetoka jasho Mlali huhitaji sweta akifika Mgeta, hasa miezi ya Juni na Julai.

## Maeneo

### Mgeta na Bunduki

Tarafa ya Mgeta inajulikana kwa kilimo cha mboga na matunda ya nchi za baridi, kama vile kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, pichi na plamu. Mashamba yamekatwa kwa ngazi kwenye miteremko mikali, na maji ya vijito huelekezwa mashambani kwa mifereji. Mtoto aliyezoea kuona karoti sokoni hujifunza hapa kwamba zao hilo linavutwa kutoka ardhini. Karibu na Bunduki kuna maporomoko ya maji ya Hululu.

Wenyeji wa milima hii ni Waluguru, ambao kwa desturi humhesabu mtoto katika ukoo wa mama. Kwa familia nyingi za Mlali safari ya kupanda mlimani ni safari ya kumwona bibi au mjomba, na huunganisha matembezi na kuwafundisha watoto majina ya ukoo.

### Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2008 na ina ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mgeni hupaswa kupata kibali kabla ya kuingia. Vijito vya msitu huu huingia katika Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikubwa cha maji ya Dar es Salaam, pamoja na Mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu linalohudumia mji wa Morogoro.

Njia ya kwenda Morningside, penye nyumba ya enzi ya Wajerumani juu ya mji wa Morogoro, inawafaa watoto wa umri wa shule waliozoea kutembea. Kilele cha Lupanga, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,100, kina mwinuko mkali na njia yenye mizizi na utelezi. Hakifai kwa watoto wadogo.

### Morogoro mjini

Mazimbu, ambayo sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ilikuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini iliyoendeshwa na chama cha ANC kuanzia 1978. Wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walikimbia baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Mwaka 1992 ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Makaburi ya wapigania uhuru yapo hapo hadi leo. Kwa kuwa tarehe 16 Juni huadhimishwa kama Siku ya Mtoto wa Afrika tangu 1991, ziara ya mwezi huo humpa mtoto maana ya siku anayoisikia shuleni.

Mwanzoni mwa Agosti, viwanja vya Nane Nane vya Tungi hupokea maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki. Watoto huona mifugo, vitalu, mabwawa ya samaki na zana za kilimo mahali pamoja. Umati huwa mkubwa zaidi tarehe 8 Agosti yenyewe. Siku zilizotangulia zinafaa zaidi kwa watoto wadogo.

### Hifadhi ya Taifa ya Mikumi

Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Katika uwanda wa Mkata huonekana tembo, twiga, pundamilia, nyati, nyumbu na swala pala. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni vidogo kuliko vya wageni, na watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Kwa kuwa viwango hubadilika, inafaa kuviuliza kabla ya safari.

Barabara kuu ya Iringa inapita ndani ya hifadhi, na abiria wa basi huona baadhi ya wanyama bila kulipa kiingilio. Hata hivyo ni marufuku kushuka garini au kuwarushia nyani chakula. Nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, akagongwa au akawavamia watu.

## Mipango

Kosa la kawaida ni kupanga sehemu nyingi kwa siku moja. Mtoto wa miaka mitano husimama kwa kila kijito na kila mdudu. Safari ya mtu mzima ya saa moja yaweza kuchukua mbili. Sehemu moja kubwa kwa siku inatosha, na watoto wakishirikishwa kuichagua hawalalamiki sana njiani.

Jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na milimani kivuli huingia mapema. Familia hupanga saa ya kugeuka, kwa mfano saa 8 mchana, na kuifuata hata kama hawajafika walikokusudia. Anayetegemea daladala huuliza saa ya gari la mwisho kabla ya kupanda la kwanza.

Bajeti hugawanywa katika nauli, viingilio, chakula na akiba ya dharura. Chakula cha kubeba hupunguza gharama: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, chapati, mayai, ndizi na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Wali wenye mchuzi huharibika upesi kwenye joto. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, hivyo hutumika kikapu au mfuko mbadala, na takataka hurudishwa nyumbani.

## Usalama

Hatari kubwa katika matembezi ya Uluguru ni maji. Mvua ikinyesha vileleni, kijito kinaweza kujaa ghafla mahali ambapo hakuna tone lililoanguka. Maji yakibadilika rangi na kuwa ya udongo, au kelele yake ikiongezeka, watoto wote hutolewa mtoni mara moja. Mawe yenye ukungu chini ya maporomoko huteleza, na wengi hawajui kina cha dimbwi lililo chini yake. Kila mtu mzima hupewa watoto wake wa kuwaangalia kwa majina, kwa sababu mtoto aliyeachwa kwa wote huwa hana mwangalizi.

Maji yaliyotuama au yaendayo polepole, yakiwemo ya mabwawa, yanaweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hivyo kuogelea humo hakushauriwi. Mtoto anayekojoa damu baada ya kuoga katika maji ya namna hiyo apelekwe kituo cha afya. Ugonjwa hutibika kwa dawa ya prazikwanteli.

Bodaboda si chombo cha kubebea familia nzima. Watoto wawili au watatu kwenye pikipiki moja katika mteremko wa Mgeta ni hatari, hata dereva akiwa mzoefu. Namba za dharura ni 112 kwa polisi, 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na 116 kwa huduma ya simu kwa mtoto. Mtandao wa simu hukatika katika baadhi ya mabonde; kwa hiyo mtu aliyebaki nyumbani huachiwa taarifa ya njia na saa ya kurudi.

## Tazama pia

- Mkoa wa Morogoro
- Wilaya ya Mvomero
- Milima ya Uluguru
- Hifadhi ya Taifa ya Mikumi
- Waluguru
- Kichocho