Karabai za Nkombo

Sambaza, samaki wadogo, ni wageni katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na ilipita miaka mingi kabla watu wa mwambao hawajajua kuwavua kwa wingi. Katika miaka ya 1980 ukaenea ufundi ambao sisi wa kisiwa cha Nkombo tunauishi hadi leo: mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukashushwa usiku wa giza, na taa zikawaka juu ya maji kuwavuta samaki. Watu wanaotutembelea husifu nyimbo tunazoimba tukipiga makasia. Mimi nataka kusimulia taa, kwa kuwa ndizo zilizotufundisha kuishi na moto.

Tulitumia karabai. Unamimina spiriti kwenye kikombe chake, unawasha, unangoja joto lipande, ndipo unapiga pampu. Ukiharakisha, mafuta hutoka kabla hayajawa mvuke, na mwali unaruka juu ya kichwa chako. Hapo uko ndani ya mtumbwi wa mbao, nchi kavu iko mbali, na mwenzako mmoja hajui kuogelea. Mwili wote unakusukuma uruke au uitupe taa. Ukiitupa ovyo, mafuta yanamwagikia mbao na nyavu. Inayotakiwa ni kazi ndogo tu: legeza skrubu ya kutoa hewa, funika kwa gunia bichi, kaa chini.

Kapita wetu, yaani kiongozi wa kikosi, mzee aliyesema Kimashi nyumbani na Kiswahili na wachuuzi wa Bukavu, aliyapanga hayo tukiwa bado ufukweni. Huyu wa taa, huyu wa gunia, na yule mwimbishaji asinyamaze hata mwali ukipanda. Wimbo ndio unaolinganisha makasia, kwa hiyo ukikatika kila mtu anainuka kwa hofu yake, na mtumbwi unalala ubavu. Sauti ikiendelea, unajua bado kuna anayeongoza.

Lakini utulivu wa wenzako unaweza pia kudanganya. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walichapisha jaribio walilolifanya New York: waliwaketisha watu chumbani, kisha wakaingiza moshi. Aliyekuwa peke yake alitoka kutoa taarifa mara 75 katika 100. Aliyeketi kati ya wawili walioagizwa kutulia alitoka mara 10 tu. Binadamu husoma hatari usoni kwa jirani.

Ndiyo maana Sange hainitoki. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji huo mdogo wa Kongo, kwenye barabara ya Uvira, lori la petroli lililotoka Tanzania lilipinduka. Wengine walichota mafuta, wengine walikuwa kwenye mabanda wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230. Kati ya lori kuanguka na moto kuwaka kulikuwa na muda wa kukimbia. Siwaiti wajinga, wala sikubali neno hilo kwa waliokufa malori ya mafuta yalipowaka moto Msamvu, Morogoro, mwaka 2019, au Sachang'wan, Kenya, mwaka 2009. Nadhani wengi wao waliwaona wenzao wametulia.

Hata wazimamoto wenye mafunzo huweza kushindwa kumfuata anayeongoza. Mwaka 1949, katika bonde la Mann Gulch, Marekani, kiongozi Wagner Dodge aliona moto wa nyasi unawafikia. Akawasha nyasi zilizo mbele yake, akawaita vijana wake waingie naye katika majivu. Hakuna aliyemfuata, 13 walikufa. Dodge alipona hapo alipolala. Hawakuwa wamezoeana naye kiasi cha kuitii amri iliyoonekana kama wazimu. Sisi tulikuwa na kapita yule yule kila usiku, na hilo nalihesabu kuwa utajiri.

Kikosi chetu kimehamia taa za betri, nami nimeshukuru, maana mapafu yetu yamepumzika. Lakini vijana wa sasa hawajawahi kuona mwali ukiruka, na papo hapo petroli ya injini za boti imejaa kwenye madumu ufukweni na majumbani. Gari la zimamoto halivuki ziwa. Nawaomba wenye boti wakubaliane kabla ya safari nani atakayetoa amri dumu likishika moto, walitamke jina lake mbele ya wote, na abiria walisikie.