Barafu ya Mirihi hurudi, ya Mlima Kenya yaisha

Barafu haipatikani duniani pekee. Sayari ya Mirihi nayo ina barafu katika ncha zake mbili, na mwenendo wake wamsaidia mkazi wa Muthara, Meru, kuelewa masaibu ya Mlima Kenya, ambao sehemu yake imo katika kaunti hiyohiyo.

Katika Mirihi, tabaka la chini ni barafu ya maji iliyochanganyika na vumbi. Kwenye ncha ya kaskazini lina upana wa kilomita 1,000 hivi na unene unaokaribia kilomita 3. Majira ya baridi yafikapo, joto hushuka hadi nyuzi 125 hivi chini ya sifuri, na gesi ya kabonidayoksaidi iliyo hewani huganda na kutanda juu ya tabaka hilo. Jua lirudipo, barafu hiyo ya juu haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka gesi moja kwa moja. Mzunguko huo hurudiwa kila mwaka wa Mirihi, ambao ni siku 687 za dunia.

Barafu ya Mlima Kenya hutokana na theluji inayorundikana na kushindiliwa kwa uzito wake yenyewe. Hudumu ikiwa theluji inayoanguka hailemewi na ile inayopotea. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi kati yake imekwisha. Ule mkubwa zaidi, uitwao Lewis, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, kisha ukakatika vipande viwili.

Wanasayansi wanataja sababu mbili: kwanza hewa ilikauka na theluji ikapungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, kisha joto likaongezeka. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kwamba barafu hiyo huenda ikatoweka kabisa ifikapo 2050.

Hata hivyo, mito iteremkayo mlimani hupata maji yake mengi kutokana na mvua na msitu, wala si barafu. Barafu iliyokwenda haiwezi kurudishwa kwa mikono ya binadamu. Msitu waweza kulindwa, na ndio unaoamua kama mito hiyo itaendelea kutiririka.