Seneca na Michezo ya Kisasi

Ndugu msomaji, ukiisoma michezo ya kale ya Waingereza utaona damu nyingi. Chimbuko lake moja ni Roma, kwa Seneca, mwalimu wa Nero. Ajabu ni kuwa mtu huyu aliandika kitabu kizima akiilaumu hasira, na ndiye huyo huyo aliyetunga Thyestes, ambamo Mfalme Atreus anawachinja wana wa nduguye, kisha anamlisha baba yao nyama zao. Mwaka 65 Miladia Nero akamwamuru mwalimu wake ajiue. Mwaka 1581 tamthilia kumi zilizohesabiwa kuwa zake zikachapishwa London kwa Kiingereza. Watungaji wengi, naona, waliichukua karamu wakaiacha hekima. Hebu itazame Titus Andronicus ya Shakespeare: safari hii anayelishwa wanawe ni mama.