Tarikhi ya Konstrakta

Aliyepata kuandika programu kwa lugha ya C hahitaji kuelezwa adha ya kitu kinachozaliwa kabla ya kuandaliwa. Kwani hutenga nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, akaikuta aghalabu ina masalio ya kazi zilizotangulia, kisha akabaki na dhima, yeye peke yake, ya kukumbuka kuita fanksheni ya kuitia thamani zinazofaa. Na siku aliyosahau, programu ikamkatikia njiani au, na hili ndilo ovu zaidi, ikaendelea kumpa majibu ya uongo bila ya haya.

Dawa ya maradhi hayo asili yake ni Oslo, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakitafuta lugha ya kuigiza mienendo ya dunia kama vile foleni na msongamano wa kazi, walitoa Simula 67, lugha iliyoasisi klasi, yaani ruwaza ambayo kwayo huumbwa objekti nyingi kadiri itakiwavyo. Humo hamkuwa na konstrakta, yaani fanksheni inayoiandaa objekti mara inapoumbwa, kwa jina. Klasi ilikuwa na kiwiliwili chake cha amri, na mara objekti ilipoumbwa kwa neno new, amri zile zilitekelezwa zikaiweka sawa, ndipo aliyeiagiza akakabidhiwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo konstrakta kwa dhati yake, ila ilikuwa bado haijapewa jina. Smalltalk, iliyotungwa California katika miaka ya 1970, haikufuata njia hiyo: iliumba objekti tupu, kisha ikawaachia watu ada ya kuipelekea ujumbe wa kujiandaa.

Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Aarhus, Denmark, aliionja Simula alipokuwa akisomea udaktari huko Cambridge, akaupenda mpangilio wake, lakini programu yake ikajikokota hata ikambidi aiandike upya kwa lugha ya BCPL. Alipoingia Bell Labs, Marekani, mwaka 1979, aliazimia kuipa C, lugha yenye kasi, neema ile aliyoiacha Uingereza. Katika jaribio lake la kwanza fanksheni ya kuiandaa objekti iliitwa new, na ya kuivunja, delete. Baadaye, lugha ilipokua ikawa C++, aliona heri mwandaaji achukue jina la klasi yenyewe, na mvunjaji jina hilo hilo likitanguliwa na alama ya kiwimbi. Hapo dhima ikahama: mtungaji wa klasi ndiye aliyeweka masharti, na kompaila ikawa mnyapara asiyesinzia, maadamu klasi yenye konstrakta zinazodai thamani tu haikubali kuumbiwa objekti mikono mitupu.

Java, iliyotangazwa mwaka 1995, ilirithi desturi ya jina, lakini mvunjaji ikamwacha. Dahl na Nygaard walitunukiwa Tuzo ya Turing ya 2001, wakafariki wote wawili mwaka uliofuata, wakiachana kwa wiki chache tu, ilhali neno lao new lingali pale pale, mbele ya jina la klasi.