Losheni ya kukinga jua (Usambara)

Losheni ya kukinga jua ni kipodozi cha kupaka kinachopunguza mionzi ya urujuanimno inayofika kwenye ngozi. Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, losheni hizi zina watumiaji wa aina mbili wasiokutana sana. Wa kwanza ni watu wenye ualbino, ambao kwao losheni ni kinga ya saratani na hugawiwa bure kliniki. Wa pili ni wanunuzi wa madukani, wengi wao vijana, ambao siku hizi huulizia zaidi losheni nyepesi za Korea Kusini. Makala hii inahusu hasa losheni ya mwilini, yaani ya shingo, mikono, mgongo na miguu, sehemu ambazo maelezo mengi ya vipodozi huzipita yakikimbilia uso.

Jua la milimani

Usambara iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata katikati ya mwaka halishuki sana. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000, kwa hiyo chini ya anga iliyo wazi mkulima wa kabichi wa Lushoto hupata mionzi mingi kuliko mvuvi wa Tanga mjini, ingawa mvuvi ndiye anayetoka jasho. Baridi ya Juni na Julai huwadanganya wengi. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti, na ngozi inaweza kuungua mtu akiwa amevaa sweta kifuani na mikono iko wazi. Ukungu nao si kinga ya kutosha, maana wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Kipimo rahisi cha shambani ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mwenyewe, jua ni kali.

Upande wa mashariki hali ni nyingine. Sigi, chini ya Amani, ni stesheni ya zamani ya reli ndogo waliyoijenga Wajerumani kutoka Tengeni, na sasa ni lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Hapo ni bondeni, kuna joto na unyevu mwingi, na mto wa jina hilohilo unateremka kwenda kulijaza bwawa la Mabayani linalowanywesha watu wa Tanga. Losheni nzito ikipakwa Sigi saa nne asubuhi huchanganyika na jasho, huteleza na kuingia machoni. Lushoto losheni hiyohiyo hukaa vizuri na hata kusaidia ngozi iliyopauka kwa baridi. Anayechagua losheni bila kufikiria ataitumia wapi huishia kuiacha kabatini.

Historia

Matumizi ya kemikali dhidi ya jua yalianza Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1891 Friedrich Hammer, daktari wa Stuttgart, alipendekeza marhamu yenye kwinini. Baadaye mkwinini, mti unaotoa dawa hiyo, ulipandwa Amani, katika taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kwinini ya Amani ilikuwa ya malaria, na katika Vita Kuu ya Kwanza taasisi hiyo iliitengeneza kwa ajili ya jeshi la Wajerumani lililokuwa limezingirwa. Mikwinini ingali inaonekana Amani hadi leo.

Kipimo cha SPF kilienezwa na Franz Greiter, mkemia wa Austria, mwaka 1974. Kinaonyesha ni kwa kiasi gani losheni inachelewesha ngozi kuungua. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya mionzi inayounguza, SPF 30 asilimia 97 na SPF 50 asilimia 98. Wajapani walianzisha kipimo cha PA mwaka 1996 kwa ajili ya mionzi ya UVA, ile inayopenya zaidi, inayozeesha ngozi na kukoza madoa. Korea inatumia kipimo hichohicho, na alama za kujumlisha zikiwa nyingi kinga ni kubwa zaidi.

Nchini Tanzania historia ya losheni hizi haitenganiki na ualbino. Mwaka 1985 Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Walikuta kwamba madhara ya jua kwenye ngozi yalikuwa yameanza kuonekana kwa wote ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Ni matokeo ya kutisha, na yanapaswa kujulikana na kila mzazi na kila mwalimu wa darasa la kwanza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini.

Mwaka 1992 kilianzishwa Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, chini ya Henning Grossmann, daktari wa ngozi kutoka Ujerumani. Kituo hicho hufundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake wametawanyika hadi hospitali za wilaya. Hapo ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilipoanza kutengenezwa Kilisun, losheni ya kwanza nchini iliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Aliyeisukuma kazi hiyo ni Mafalda Soto, mfamasia kutoka Hispania. Kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani ilichangia utaalamu na vichujio vya mionzi. Baadhi ya wanaoitengeneza wana ualbino wenyewe, jambo lililosaidia kuifanya losheni ikubalike na watumiaji. Hugawiwa bure kupitia kliniki za mkoba, ambako daktari hukagua ngozi, huondoa vidonda vinavyotia shaka na kumweleza mgonjwa namna ya kupaka. Shirika la Standing Voice ni miongoni mwa yanayoendesha kliniki hizo.

Kabla ya Kilisun, losheni nyingi zilikuwa za msaada. Zilifika kwa makasha kutoka ng'ambo, nyingine zikiwa zimebakiza miezi michache kuharibika, zikiwa na maelezo kwa lugha ambazo mgonjwa hawezi kuzisoma. Wengine walizipaka usiku kama dawa. Losheni inayotengenezwa Moshi, yenye maelezo ya Kiswahili, iliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Vichujio

Vichujio vya madini ni viwili, oksidi ya zinki na titani dayoksaidi. Ni salama hata kwa watoto wadogo, lakini kwenye ngozi nyeusi huacha weupe kama wa mtu aliyetoka kinuni kusaga, na watu wengi wameiacha losheni kwa sababu hiyo tu. Vichujio vya kikaboni hufyonza mionzi na havionekani. Vya kizazi kipya, kama vile vinavyouzwa na BASF kwa majina ya Tinosorb na Uvinul, hubaki imara juani na hukinga UVA vizuri. Korea na Ulaya zimevitumia kwa miaka mingi. Ndiyo maana losheni ya Kikorea inaweza kuwa nyepesi kama maji na bado ikawa na SPF 50+ na PA++++. Mnunuzi aelewe kwamba wepesi huo hautokani na maji ya mchele wala majani yanayotajwa mbele ya boksi. Hayo hulainisha ngozi. Kinga ni ya vichujio.

Losheni za Korea

Nchini Korea losheni ya kukinga jua huhesabiwa kuwa kipodozi chenye kazi maalumu, na husimamiwa na Wizara ya Usalama wa Chakula na Dawa. Losheni zilizopata jina Afrika Mashariki ni pamoja na Relief Sun ya Beauty of Joseon na Water-Fit Sun Serum ya SKIN1004. Zote mbili huuzwa katika vichupa vya mililita 50. Bioré UV Aqua Rich, ambayo mara nyingi huwekwa nazo katika kundi moja, ni ya kampuni ya Kao ya Japani.

Sifa ya Korea si kinga dhidi ya makosa. Mwishoni mwa mwaka 2020 losheni moja ya kampuni ya Purito, iliyoandikwa SPF 50+, ilipimwa katika maabara za Ulaya na kukutwa na takriban SPF 19. Kampuni iliiondoa sokoni. Tangu hapo wanunuzi makini hutafuta matokeo ya vipimo vya maabara huru badala ya kutegemea namba ya kwenye boksi peke yake.

Kuchagua ya mwilini

Namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa mtu mzima mwili mzima unahitaji karibu gramu 34 kila anapopaka. Mikono miwili kuanzia begani hadi vidoleni ni takriban asilimia 18 ya ngozi yote, yaani gramu 6, au zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai kwa kila mkono. Kichupa cha mililita 50 kikitumika kwa mikono tu kitatosha kupaka mara nane. Kwa mtu anayeshinda shambani na kurudia kila baada ya saa mbili, kama inavyotakiwa, hizo ni siku mbili. Shingo na miguu bado haijaguswa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu hununua kichupa cha uso kwa bei kubwa, kisha hukibania akipaka tone moja mkono mzima. Akipaka nusu ya kiasi kinachotakiwa, kinga hushuka hadi takriban nusu au chini zaidi, na SPF 50 aliyoilipia haipo tena. Chupa kubwa ya SPF 30 inayopakwa bila kubania ni bora kwa mwili kuliko kichupa cha SPF 50 kinachohesabiwa matone. Bei ilinganishwe kwa mililita, si kwa chupa.

Wepesi nao una thamani yake halisi. Losheni isiyonata, isiyochafua kola ya shati wala kushika vumbi la barabarani, ndiyo mtu atakayokubali kuirudia saa saba mchana. Lakini jeli nyingi nyepesi hazihimili maji. Mchuma chai wa Amani anayepita kwenye umande na jasho, au mwanafunzi anayecheza mpira, atafute iliyoandikwa kuwa inahimili maji, hata ikiwa nzito kidogo. Losheni ya kunyunyiza ni rahisi kwa mgongo, ila upepo huchukua sehemu yake, na lazima isambazwe kwa mkono.

Tarehe kwenye boksi la Kikorea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na wakati mwingine iliyochapishwa ni tarehe ya kutengenezwa, si ya mwisho wa matumizi. Muuzaji aulizwe. Chupa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua isinunuliwe, na iliyojitenga, mafuta juu na maji chini, itupwe.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Tahadhari hii inahusu sana madukani, ambako losheni za kukinga jua hupangwa rafu moja na krimu za kung'arisha na wakati mwingine huuzwa pamoja na mkorogo. Krimu za namna hiyo huiondolea ngozi melanini, ambayo ndiyo kinga yake ya asili. Ngozi nyeusi yenyewe imekadiriwa kuwa na kinga inayolingana na SPF 13 hivi. Mwenye ngozi hiyo hahitaji losheni kwa hofu ya saratani kama anavyoihitaji mwenye ualbino. Humfaa zaidi akiwa na madoa ya usoni na shingoni, makovu ya chunusi, au akitumia dawa inayofanya ngozi iwe nyepesi kuungua.

Panapohitajika dawa ya kufukuza mbu, kama Muheza na Sigi nyakati za jioni, losheni hutangulia na dawa hufuata.

Nguo

Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana, kofia ya pama yenye ukingo mpana na kanga iliyokunjwa mara mbili shingoni hukinga zaidi ya losheni yoyote, na havihitaji kurudiwa kila saa mbili. Losheni ni ya mahali nguo isipofika: uso, masikio, midomo, mgongo wa kiganja, kisogo. Kliniki za ualbino hufundisha hivyo, na hesabu ya gramu iliyotajwa juu inaziunga mkono.

Shuleni

Watoto wengi wenye ualbino mkoani Tanga husoma katika shule zenye vitengo vya wasioona, kwa kuwa uoni wao huwa hafifu. Zinazojulikana ni Irente, karibu na Lushoto, inayoendeshwa na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na Pongwe, jijini Tanga. Sare ya kaptura na mikono mifupi haiwafai watoto hawa, wala paredi ya saa nne uwanjani.

Hali ya sasa

Losheni za Korea hupatikana zaidi Dar es Salaam, hasa Kariakoo, na kwa wauzaji wa mitandaoni wanaotuma mizigo kwa basi hadi mikoani. Kilisun haiuzwi madukani, hupatikana kliniki. Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, inayoadhimishwa kila 13 Juni tangu mwaka 2015, ni mojawapo ya nafasi za ugawaji wa losheni na kofia.