Ganda Tupu la Risasi

Kila tunapofika mada ya teknolojia na ukoloni, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: bunduki ni ya nani, aliyeishika au anayeitengenezea risasi?

Mwaka 1866 watu wawili walibuni fataki za risasi za ganda la shaba: Edward Boxer, Mwingereza, na Hiram Berdan, Mmarekani. Fataki ya Boxer hung'olewa kwa kijiti kinachopita tundu moja katikati ya kitako cha ganda. Ya Berdan ina vitundu viwili vidogo pembeni, na kuing'oa ni taabu. Ajabu ya historia ni kwamba Wamarekani waliishia kuipenda ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya ya Mmarekani. Sababu mojawapo ni kwamba mwindaji wa Marekani alitaka kulijaza ganda lake upya nyumbani. Kwa sungura au kindi alipunguza baruti, kwani risasi ya nguvu zote huharibu nyama. Hivyo aliokoa fedha na kitoweo pia.

Afrika mambo yalikuwa mengine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, na Zanzibar ikiwa miongoni mwa waliousaini, ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Zilizoachiwa mlango ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo maana babu zetu waliwinda kanga kwa magobori, ilhali mgeni alibeba bunduki ya kisasa.

Samori Touré wa Afrika Magharibi alilitambua jambo hili. Wahunzi wake waliiga bunduki za kisasa na kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kutumika. Alikamatwa mwaka 1898, lakini somo lake halikukamatwa.

Sisemi haya ili tupigie debe silaha. Nasema kwa sababu leo tunanunua mitambo ya hospitali, matrekta na programu za ofisi ambazo hatuwezi kuzifungua wala kuzitengeneza. Ndugu mtumishi wa umma, kabla hujatia saini mkataba wa ununuzi, uliza: likiisha tulilopewa, nani atalijaza ganda?